Senge Hakupenda Neno Viraka

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Senge alichungulia kikombe. Kilikuwa kikombe cha bati, cheupe, kilichobanduka rangi mdomoni, na ndani yake kulikuwa na kona ya kitambaa iliyolala majini tangu jana yake. Alikibeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni penye mwanga. Maji yakiwa meupe alitabasamu peke yake. Yakiwa yamegeuka rangi aliyamwaga nje, na kitambaa hicho hakikupata kazi kwake. Alikuwa anasema kitambaa kinachochuja kitaharibu wenzake wote. Halafu alisuuza kikombe, na Anko Absalom, mume wake, akanywea chai humo humo, akilalamika ati chai inanuka duka la nguo.

Senge Nasambu ni dada ya baba yangu. Kwetu Kabuchai dada ya baba ndiye senge, na huyu wangu alikuwa ameolewa Kitale, mtaa wa Bondeni, nyumba ya kukodi ya vyumba viwili. Hawakujaliwa mtoto. Nilipoingia darasa la nne Baba alinipeleka kwao nisome mjini, na tangu wiki ile ya kwanza majirani wakaanza kumwita Mama Nakhungu, kwa jina langu. Alipoitwa hivyo mara ya kwanza alikuwa anatoka kuteka maji. Aliweka ndoo chini kwanza, ndipo akaitika.

Kabla ya kuolewa alikuwa amefanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja Mzungu, mjane, aliyebaki na shamba upande wa Endebess. Yule mama hakuwa na wageni. Mchana alikaa kwenye baraza akishona vipande vya nguo viwe blanketi, na Senge akimaliza vyombo alikaa chini karibu naye, akaonyeshwa sindano inavyopita mpaka akajua. Blanketi hiyo iliitwa kwilti. Kulikuwa na jambo moja ambalo Senge alinifundisha polepole, kama mtu anayefundisha mtoto maombi: vipande vikishonwa peke yake ni viraka. Vikizungushiwa pindo la kitambaa kimoja, kipya, rangi moja pande zote nne, hiyo ni kwilti. Pindo ndilo linaloambia watu kwamba hukushona kwa sababu ya shida. Ulishona kwa sababu ulitaka.

Neno viraka hakulipenda. Ukilisema mbele yake, hata kwa bahati mbaya, alinyamaza mpaka jioni.

Mwanzoni kazi hiyo haikula kitu. Fundi Wahome, aliyekuwa na cherehani yake kwenye veranda moja karibu na soko, alimwachia mabaki yaliyolala chini ya miguu. Alimwambia achukue tu, hayo hata mbuzi hataki. Baada ya miezi michache akaona Senge anachagua, anarudisha hiki, anachukua kile, anakiinua juani. Siku moja tulikuta mabaki yamefungwa ndani ya mfuko wa karatasi na mfuko una bei. Senge hakugombana. Tukirudi nyumbani aliniambia Wahome ana haki, mtu akishachagua takataka, hiyo si takataka tena.

Halafu mabaki yakaacha kutosha. Alitaka kijani ya aina fulani na Wahome hakuwa anashona kijani mwezi huo, basi tukaenda dukani kununua robo mita. Robo ikawa nusu. Uzi wa bei rahisi ulikuwa unakatika, akahamia ule mzuri. Katikati ya kwilti, kati ya juu na chini, kunawekwa kitu cha joto, na yule mama wa Endebess alimfundisha pamba, kwa hivyo tulikuwa tunanunua pamba ya hospitali, ile inayoviringishwa kwa karatasi ya buluu. Blanketi moja ilimeza viringo vingi sana. Mimi ndiye niliyetumwa. Mara ya tatu mwenye duka la dawa aliniuliza ni nani ameumia kwetu. Nikamwambia ni nyanya. Sikuwa na nyanya Kitale.

Cheptoo, jirani wa ukuta mmoja na sisi, alikuwa anapita akitucheka kwa wema. "Mama Nakhungu," alisema siku moja, "wewe unanunua nguo nzima, unaikata, halafu unaishona irudi nguo. Si ungeiacha tu vile ilikuwa?"

Senge alicheka pia siku hiyo. Cheptoo hakuwa na ubaya. Tena kwilti zenyewe, mtu akiingia ndani akazishika, zilikuwa nzuri. Mimi nilikuwa ninazipenda. Lazima niseme hivyo, kwa sababu baadaye nilifanya kama sizijui.

Lakini hazikulaliwa. Anko Absalom alikataa. Yeye alikuwa anapima mahindi kwenye ghala, wakulima wanampangia foleni wakimwita bwana mkubwa, na shati lake lilipigwa pasi kila siku hata Jumamosi. Alisema blanketi ya vipande ni ya mtu aliyeshindwa. Kwa hivyo wao wawili walilala na blanketi ya duka, mimi nikalala na nyingine ya duka, na kwilti za Senge zikakaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vitambaa vilivyokuwa vinangoja. Mara moja kwa mwezi alizitoa akazianika kwenye waya nje zipate hewa. Waya huo ulitazama njia ya kanisani.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1988 Baba alikuja Kitale na pesa ya miwa. Nilikuwa naingia darasa la tano. Miaka hiyo ya mfumo mpya wa elimu, 8-4-4, kila shule ilikuwa inajenga vyumba vya ufundi na vya sayansi ya nyumbani, na kila mzazi alitakiwa kutoa pesa ya jengo. Baba alimpa Senge pesa yote ya mwaka mkononi, ili ailipe kwa vipindi vitatu. Aliniambia mbele yake kwamba amekata miwa mara moja, na pesa hiyo yote ni ya masomo yangu. Halafu akanywa chai akaondoka, kwa sababu alikuwa ameacha ng'ombe na watu wasiojali.

Wiki iliyofuata tuliingia dukani kununua uzi. Juu ya meza kulikuwa na jora la kitambaa rangi ya damu ya mzee, limebaki jembamba. Senge alikuwa amemaliza kushona kwilti kubwa kushinda zote, ya vipande vidogo vidogo, na ilikuwa imekaa miezi mitano bila pindo. Alishika kile kitambaa katikati ya vidole viwili. Mwenye duka alisema hiyo ndiyo ya mwisho, rangi kama hiyo hata akiagiza tena haitakuja sawa. Hakuwa anadanganya. Rangi ya jora moja na rangi ya jora lingine hazifanani hata zikiitwa jina moja, hilo Senge mwenyewe alikuwa amenifundisha.

Pesa ya Baba ilikuwa kwenye leso, ndani ya nguo yake. Alinigeukia akaniuliza kwa Kibukusu, mwenye duka asielewe, kama tunaweza kuchukua kidogo halafu turudishe kabla shule haijauliza.

Angeamua mwenyewe, leo ningekuwa na mtu wa kulaumu. Lakini aliniuliza, mtu mzima akimuuliza mtoto, na uso wake ulikuwa kama wangu nikitaka kitu. Nilitazama ile damu ya mzee nikaona itakavyokaa pande zote nne. Nikaitikia kwa kichwa.

Hatukurudisha. Baada ya pindo kulikuwa na kitambaa cha chini, na baada ya hicho pamba, na kwilti hiyo ilipokwisha ilikuwa nzuri kiasi kwamba Senge alianza nyingine siku hiyo hiyo ili asiitazame sana. Akachukua tena, na mara hizo hakuniuliza. Hakukuwa na haja.

Mwezi wa tano nilifukuzwa shule pamoja na wengine ambao hawakulipa. Mwalimu wa darasa aliniambia jina langu litakaa kwenye rejista mpaka shule zifunguliwe mwezi wa tisa. Nisipolipa kufikia hapo litafutwa, nafasi apewe mwingine. Senge aliposikia alisema mwezi wa tisa ni mbali, atakuwa amepata. Anko alipouliza, tulimwambia miwa haijalipwa. Yeye aliguna akasema hiyo ndiyo shida ya miwa.

Nilikaa nyumbani nikifanya kazi. Asubuhi, wenzangu wakiwa darasani, mimi nilikuwa kwenye mfereji wa maji wa mtaa, na hapo ndipo Mama Wepukhulu alinikuta. Alikuwa mkubwa wa kina mama kanisani kwetu, mama mnene mwenye sauti ya chini. Aliniuliza kwa nini sijaenda shule. Nikasema miwa haijalipwa. Akauliza kama kwa anko wangu kuna shida. Nikaangalia ndoo. Akauliza tunalala vipi, kwa sababu ameona zile blanketi kwenye waya. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Ndoo ilijaa ikaanza kumwagika, nami nikaacha imwagike. Yeye aliniwekea mkono kichwani akasema Mungu anaona.

Kunyamaza ni tabia yangu tangu utotoni, na watu hunisifu nayo. Siku ile ilikuwa uongo mtupu.

Walikuja Jumamosi moja mwezi wa saba, Mama Wepukhulu na kina mama wawili. Walileta blanketi mpya ya duka ndani ya nailoni, unga, sukari, na bahasha. Senge aliwakaribisha kwa furaha, akafikiri ni maombi ya nyumba kwa nyumba. Akaweka chai motoni. Mama Wepukhulu alianza kuzungumza taratibu, asisikie vibaya, hakuna nyumba ambayo haijawahi kupungukiwa, kanisa ni mwili mmoja, wamechanga kidogo mtoto arudi shule na watu wa nyumba hii walale kwa joto. Nilimwona Senge akimsikiliza kwa uso wa mtu anayehurumia nyumba nyingine. Halafu macho yake yakaenda dirishani, kwenye waya, na kwilti kubwa ya pindo la damu ya mzee ilikuwa inaning'inia pale, na akaelewa.

Kama angesema hapana, sisi si maskini, angeulizwa swali la pili. Akasema asanteni, Mungu awabariki. Aliipokea ile blanketi ya nailoni akaiweka mapajani.

Hapo ndipo Anko alitoka kazini. Jumamosi walikuwa wanafunga saa saba. Alisimama mlangoni na shati lake la pasi, akasalimia kila mtu kwa mkono, akauliza habari ya bahasha. Mama Wepukhulu akamweleza kwa heshima yote. Anko alicheka kwanza. Halafu akauliza ni nani aliyesema hii ni nyumba ya maskini, yeye anapima mahindi ya Trans Nzoia nzima. Mama mmoja akasema polepole kwamba hata mtu wa kazi anaweza kupungukiwa, si dhambi, wao wameona blanketi za viraka.

Anko aliingia chumbani. Tukasikia sanduku likiburutwa. Alilileta mpaka katikati ya miguu ya wageni akalifungua, akaanza kutoa vitambaa kimoja kimoja na kuvirusha juu ya kochi.

"Angalieni," alisema. "Hii ni mpya. Hii ni mpya. Hii hata mkasi haijapita. Mtu maskini ananunua hii?"

Alitoa uzi. Alitoa viringo vya pamba, na kimoja kikafunguka kikaenda mpaka chini ya meza. Kochi lilijaa. Kina mama walisogea. Yeye alikuwa anatetea nyumba yake, na hakuna aliyeweza kumwambia anafanya nini.

Mama Wepukhulu alichukua kitambaa kimoja akakishika kati ya vidole, vile mwanamke yeyote hushika kitambaa, na alipomaliza kukishika alikuwa amejua bei yake. Akakitazama kile kilichofuata, na kilichofuata. Sauti yake haikupanda.

"Sasa mtoto amekaa nyumbani kwa nini?"

Anko alisema ni miwa. Mama Wepukhulu hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Nakhungu, baba yako alileta pesa, ama hakuleta?"

Nilimtazama Senge. Alikuwa amesimama na sinia ya vikombe, amekaza macho kwenye chai. Hakunipa ishara yoyote. Mara nyingi nimefikiri kwamba kama angenikazia jicho ningesema hakuleta, na wao wangeondoka. Lakini hakunikazia.

"Alileta," nikasema. "Mwezi wa kwanza."

Senge aliweka sinia mezani. Anko alikaa chini, juu ya vitambaa.

Kina mama walikunywa chai. Hilo ndilo lilikuwa baya kushinda yote, kwamba walikunywa chai yote, kwa adabu, wakazungumza habari ya mvua, wakaomba maombi mafupi, na wakaondoka wakiacha kila kitu walicholeta kwa sababu kilikuwa kimeombewa. Walipofika kwenye kona ya nyumba ya Cheptoo tulisikia mmoja akicheka na mwingine akimwambia anyamaze.

Kesho yake Anko alirudisha blanketi na bahasha kanisani, mbele ya watu. Sukari haikuwa imefunguliwa. Unga tulikuwa tumeshaupika, akaenda kununua mwingine wa kurudisha.

Hakumpiga. Aliacha tu kumwita jina. Akitaka chai aliniambia mimi nimwambie shangazi yangu, na yeye yuko pale pale anasikia. Siku ya tatu alinituma nimwambie kwamba yeye Absalom hakula pesa ya shemeji yake na hataitapika. Aliyekula aende Kabuchai, amwambie ndugu yake kwa mdomo wake, kabla mwezi wa nane haujaisha. Na viraka vyake aende navyo.

Senge alikunja kwilti zote tano, moja baada ya nyingine, akazitia ndani ya magunia mawili. Aliniambia tutapitia Bungoma kwanza. Watu wa Bungoma wana mishahara. Tukiuza hata tatu, jengo linalipwa, mwezi wa tisa ninaketi kwenye dawati langu, na yeye atamwambia Baba mambo yaliyokwisha, si mambo yaliyopo. Alisema hivyo mara nyingi njiani. Mimi nilikuwa ninaamini. Nilikuwa na miaka kumi na nne na sikuwa nimewahi kuuza kitu.

Tulitandika Kanduyi, hapo Bungoma, kando ya barabara, mahali watu wanauza nyanya na viatu vya mtumba. Senge aliniambia mtu akiuliza nisiseme lile neno lingine, niseme ni kwilti. Akapangusa vumbi kwenye nailoni, akatandaza ile kubwa juu, pindo lionekane.

Watu walisimama, hilo siwezi kukana. Mama mmoja aliuliza hii kwirti ni kitu gani. Senge akasema ni blanketi. Yule mama akainama akaangalia vipande, hiki cha shati, hiki cha rinda, hiki kama cha suruali ya mzee, akarudisha mkono wake haraka. Aliuliza kama hizi si nguo za marehemu. Kwetu mtu akifa nguo zake hugawiwa watu wa ukoo siku ya kunyoa nywele za matanga, kila moja na mwenyewe, na nguo iliyokatwa vipande hivyo hakuna anayejua ilikuwa ya nani. Senge alimwambia zote zimenunuliwa dukani na kwa fundi. Yule mama alisema sawa, lakini alisogea, na wengine waliosikia wakasogea naye.

Nesi mmoja wa kutoka upande wa Kibabii alizipenda kweli. Alipapasa mishono kwa muda mrefu. Alipotaja bei yake nilimwona Senge akihesabu bila kutaka, midomo ikitikisika. Haikufika hata pamba iliyokuwa ndani. Nesi alisema kwa bei anayotaka Senge yeye anapata blanketi mbili nzima, mpya, hazina kiungo. Alikuwa anasema kweli.

Baada ya chakula cha mchana akaja kijana wa baiskeli ya kubeba abiria. Aliangalia kwilti kubwa, akaangalia keria yake.

"Mama, nikatie hapa. Kipande cha kuweka kwa keria, abiria asiumie."

Senge alimwambia haikatwi.

"Ati haikatwi? Na si imekatwa yote? Si ni vipande, bana?"

Watu walicheka, wauza nyanya na wauza viatu na waliokuwa wanapita. Ilikuwa inachekesha. Nami nikacheka. Sikupanga, ilinitoka, na nilipogeuka Senge alikuwa ananitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyehesabu watu wake na kukuta kwamba yuko peke yake. Halafu akaanza kukunja.

Tulifika Kabuchai kama saa kumi. Baba alikuwa ametandaza mahindi juani mbele ya nyumba, anageuza kwa miguu. Alipotuona aliacha, akaja mpaka barabarani, akachukua magunia yote mawili bila kuuliza ni ya nini. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Baba akamwita ndugu yangu mdogo ashike kuku. Senge alisema asijisumbue. Baba akasema nani mwingine atashikiwa kuku, kama si mtu aliyemsomeshea mtoto.

Nyumbani hakuna aliyejua kitu. Kitale ni mbali kwa mtu mwenye ng'ombe, na hakuna aliyeandika barua. Kwa Baba ilikuwa mwezi wa nane, shule zimefunga, mtoto ameletwa likizo. Tuliketi ndani. Senge alikuwa ameniambia atasema mara tu akiketi, kwa hivyo niliangalia mdomo wake. Ulifunguka mara moja. Lakini Baba ndiye aliyekuwa na furaha, na mtu wa furaha huwa anatangulia.

"Umekuwa wa ngapi?" akaniuliza.

Mimi, kama kawaida yangu, niliangalia chini. Halafu nikasikia sauti ya Senge, laini kabisa.

"Wa nne."

"Kati ya wangapi?"

"Arobaini na wawili."

Baba alipiga kofi moja. Akasimama, akaingia chumbani, akakaa huko kidogo akipekua, na alipotoka alikuwa na pesa iliyokunjwa ndani ya karatasi ya nailoni. Alisema miwa ililipa tena mwezi wa sita, na hii hakuigusa hata watoto wadogo walipougua. Ni ya mwaka ujao wote. Alimpa kwa mikono miwili, dada yake mdogo, kama mtu anayempa mkubwa. Alimwambia asimpe hesabu yoyote. Alisema, "Dada, mimi sina wasiwasi na wewe."

Senge aliipokea. Aliitazama kitambo. Halafu akainama akaniwekea kwenye mapaja yangu, taratibu, na akamwambia Baba anaenda kunawa miguu, vumbi la barabara limemwingia. Baba akasema maji yako nyuma. Senge akasema haya.

Pesa hiyo ndiyo iliyokwenda kumtafuta Senge. Baba alikwenda nayo Kitale, Webuye, mpaka Malaba kwa mtu aliyesema amemwona, na ilipokwisha mwezi wa tisa ulikuwa umepita. Kitale ndiko Anko alimwambia yote. Aliporudi kutoka huko alinitazama mara moja tu, mlangoni, akaenda kufungua ng'ombe. Mimi sasa nina miaka kumi na saba. Hajawahi kuniuliza neno lolote la shule tangu siku hiyo, na mimi sijawahi kumwambia kwamba niliulizwa kule dukani, na nikaitikia.

Lakini siku ile, kwa muda ule, hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Kutoka mahali nilipoketi mlango ulikuwa wazi. Nilimwona akipita nyuma ya mahindi yaliyotandazwa, akiinua rinda asiyakanyage. Hakwenda upande wa maji. Hakuwa na sabuni wala besheni, na viatu alikuwa amevivaa. Alishika njia inayopita katikati ya miwa, ambayo ilikuwa imekomaa kushinda kimo cha mtu, akitembea si haraka, mikono mitupu. Ndugu yangu alikuwa bado anafukuza kuku. Baba alikuwa ananieleza jinsi wa nne anavyoweza kuwa wa tatu. Ningeita, angesikia. Alifika mahali njia inapopinda, akasogeza jani moja la muwa lililokuwa limelala mbele yake, akapita.